Mdogo Wangu na Kanuni za Ujenzi

Mimi ndiye niliyemfundisha mdogo wangu kushika mwiko. Tulianza na nyumba ya mama huko Mpui, yeye akichanganya udongo, mimi nikipanga tofali. Baadaye akasomea ufundi chuoni, akarudi na cheti. Mimi nikabaki fundi wa mtaani Chanji, nikijulikana kwa mapaa yasiyong'olewa na upepo.

Wizara ilipotaka maoni ya wadau kuhusu rasimu ya kanuni za ujenzi za taifa, mafundi wa mkoa wetu wa Rukwa walitakiwa kutoa mwakilishi mmoja. Akachaguliwa yeye. Mama aliwatangazia akina mama wenzake wa kanisani kabla hata mimi sijaambiwa.

Siku ya kikao nilikaa nyuma ukumbini. Mdogo wangu alikuwa mbele na wataalamu, amevaa koti, chupa ya maji mezani kwake. Zamu yake ilipofika alisimama akaeleza jinsi kenchi ya paa inavyofungwa kwa waya ulioachwa ndani ya ukuta, kozi kadhaa za tofali chini, ili upepo wa nyanda za Ufipa usiipeperushe. Maneno yalikuwa yangu, hata mkono aliuzungusha kama mimi.

"Haya nimefundishwa na kaka yangu, yule pale nyuma," akasema.

Watu wakageuka kunitazama, wakapiga makofi. Nilitabasamu huku roho ikiniuma. Afadhali angeniibia kimyakimya, ningepata sababu ya kumchukia.

Wakati wa chakula wenye maduka ya vifaa walimzunguka. Nikachukua kofia yangu, nikatoka. Alinikuta barabarani.

"Kaka, umekasirika?"

"Hapana."

"Siku ya kuchagua mwakilishi niliwatajia jina lako kwanza. Wakauliza kama una cheti."

"Ukawaambiaje?"

"Ningewaambiaje, kaka?"

Nilimwambia nina kazi Mollo, nikaondoka. Sikuwa na kazi yoyote Mollo.

Mwezi uliofuata aliitwa Dodoma kwenye kikao cha mwisho. Aliniomba nimsindikize stendi, nikasingizia mafua. Asubuhi ya kikao nilikuwa juu ya jukwaa nikipiga lipu, simu ikaita.

"Shikamoo kaka. Huku wanataka kupiga marufuku nyumba za tofali mbichi. Nyumba kama ya mama. Niwaambieje?"

Nilitamani kumwambia atafute jibu kwenye cheti chake. Kisha nikamwona mama akilini mwangu, akiambiwa nyumba yake haifai.

"Niweke spika," nikasema.

Akaniweka. Nikaeleza msingi wa mawe, paa linalotokeza nje vya kutosha kuzuia mvua, lipu ya udongo inayorudiwa kila kiangazi. Nikawaambia nyumba ya namna hiyo haiui mtu, kinachoua ni kujenga ovyo. Nilisema mpaka saruji ikaanza kunigandia kwenye karai. Kule nikasikia kalamu zikikwaruza karatasi.

Mtu mmoja mwenye sauti nzito akasema, "Mchango mzuri sana. Tutauingiza. Tunakushukuru, ndugu mwakilishi wa Rukwa."

"Asanteni," mdogo wangu akajibu, na simu ikakatika.

Kipengele hicho kiliingia. Nyumba za tofali mbichi zikaruhusiwa kwa masharti. Jumapili mama alimchinjia mdogo wangu jogoo, akaniomba mimi nimnyonyoe.

Nilimnyonyoa. Mdogo wangu aliacha wageni sebuleni, akaja kuchuchumaa kando yangu akiwa na koti lake mwilini, akaanza kung'oa manyoya ya upande wa pili. Bado nilitamani koti lile liwe langu.