Tarumbeta Halikutajwa

Daktari alimkataza mume wangu kuinama, kubeba mzigo, kukohoa kwa nguvu na kujikamua chooni. Hilo la chooni alilisema mbele yangu na mbele ya nesi, na mume wangu akaitikia "ndiyo, daktari" kwa sauti ya mtu anayekula kiapo. Tarumbeta halikutajwa. Daktari hakuuliza na sisi hatukusema, maana nani angedhani mdomo una habari yoyote na jicho?

Ilikuwa miaka ile ya shida, sukari ukikutana nayo unaipa shikamoo. Tulikaa Maisaka, tukilima mahindi na mbaazi pembeni ya mji wa Babati. Jicho la kulia la mume wangu lilikuwa limeshazimika kwa presha ya macho, polepole, bila kuuma, yeye akisema ni uchovu tu. La kushoto lilibaki linaona katikati, pembeni kote giza. Kuku akipita ubavuni alimpiga teke halafu akamwomba radhi. Tukaenda hospitali ya misheni, safari ya siku nzima, wakamfungulia kijitundu juu ya jicho, chini ya kope, ili maji yaliyokuwa yakijaa ndani yapate pa kutokea. Daktari alitueleza bila kuzunguka: operesheni hii hairudishi kilichopotea, inalinda kilichobaki. Likiharibika hili, hana lingine.

Majirani hawakuelewa hata kidogo. Wao walizoea mtoto wa jicho, mtu anaingia hospitali kipofu, anatoka anahesabu mbuzi. Wakaja na mayai na maziwa, wakamkalisha mume wangu kwenye kiti, wakaanza kumwinulia vidole. "Vingapi hivi?" Alipokosea, shemeji yangu, kaka yake mkubwa, akatikisa kichwa na kusema, "Wamewaibia hawa." Nilimwambia anawe kwanza hicho kidole, labda kitaonekana.

Na kunawa kwenyewe kulikuwa kazi. Nesi alisema kabla ya kumtia matone ninawe mikono kwa sabuni. Sabuni! Nilipanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri, nikaondoka na nusu mche, nikaufungia kwenye sanduku la nguo kama hati ya shamba. Ulikuwa wa jicho peke yake. Nguo nilifua kwa majani ya mpapai, watoto wakaoga maji matupu, na jicho la baba yao likawa ndicho kitu kisafi kuliko vyote nyumbani. Kisha eti kidonda chenyewe hakitakiwi kufunga! Daktari alisema kile kijitundu kikiziba, kazi yote imekwenda bure. Shemeji aliposikia hivyo akaleta majani ya kuponyesha vidonda, nikamshukuru sana, nikawapa mbuzi.

Mume wangu, jamani, alitii. Sijawahi kuona mtu anatii vile. Kuinama haruhusiwi, basi jembe likawa langu. Kubeba haruhusiwi, ndoo ikawa yangu. Kofia yake ikianguka, ananiita kutoka shambani nije niiokote. Alikaa barazani mgongo umenyooka kama anapigwa picha ya kitambulisho, na kwa kuwa alikuwa hana la kufanya, akachukua tarumbeta.

Alikuwa mpulizaji wa kwaya ya matarumbeta kanisani kwetu, Walutheri sisi. Alinichumbia huku analipuliza, kwa hiyo siwezi kusema nilidanganywa. Lakini zamani alipuliza Jumamosi na Jumapili tu. Sasa ikawa asubuhi na jioni, wimbo uleule, akikosea palepale. Mimi nipo kwenye mahindi, kiuno kinawaka moto, nasikia akikaribia pale anapokosea, nasema moyoni "leo utapata," na hapati. Mashavu yamemvimba, mishipa ya shingo imesimama. Nililichukia lile tarumbeta kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Jumapili ya nne baada ya operesheni walipiga nje ya kanisa, watu wakitoka. Akaishika ile sauti ya juu aliyokuwa akiikosea kila siku, na siku hiyo akaipata. Akaivuta, akaivuta tena, kwa sababu mchungaji alikuwa anamtazama. Aliposhusha tarumbeta alisimama pale pale bila kusogea.

"Mama watoto," akaniita polepole, "mbona kuna ukungu?"

Jua lilikuwa la saa sita. Nilimshika kidevu nikamwangalia, nikaona damu imetuama ndani ya jicho, chini, imefunika nusu ya kile cheusi. Hasira yote ilinitoka. Niliogopa.

Basi halikuwepo, lilikuwa limekaa juu ya mawe likisubiri matairi. Kesho yake tukapanda lori la mbaazi, nikamkalisha juu ya magunia, nikamshika kichwa kwa mikono miwili njia nzima ili kisitikisike. Alikuwa ananiuliza tumefika wapi, na mimi namtajia kila kilima, naona anajaribu kukitazama.

"Umebeba nini?" daktari akauliza.

"Sijabeba kitu," mume wangu akajibu.

"Umeinama?"

"Hata mara moja, daktari. Muulize mke wangu."

Na mimi, kwa uchungu wa jembe, nikasema, "Daktari, huyu hana kazi yoyote. Kazi yake kupuliza tarumbeta tu kutwa nzima."

Nesi akaziba mdomo. Daktari akaweka tochi mezani, akavuta kiti, akakaa. Akatueleza, kwa upole wa mtu anayejizuia kupiga kelele, kwamba kubana pumzi na kuisukuma vile kunapandisha presha mpaka machoni.

Damu ilijifuta yenyewe, akilala kichwa kimeinuliwa. Siku ya kuondoka, mume wangu akiwa kwenye benchi la nje jicho limefungwa, daktari aliniita pembeni. Asipulize kabisa, alisema, mpaka arudi baada ya mwaka. Presha ikiwa imetulia, ataweza kujaribu kidogo kidogo, taratibu.

Nikatoka nje.

"Kasemaje?"

"Kasema basi. Maisha."

Ningependa kusema nilifanya vile kwa ajili ya jicho. Nusu ilikuwa kwa ajili ya jicho. Nusu nyingine ilikuwa kiuno changu na masikio yangu.

Hakubisha. Alilifuta tarumbeta, akalifunga kwa khanga yangu kuukuu, akalisukuma chini ya kitanda. Nikaupata ukimya nilioulilia, na sikuupenda. Jumapili alisimama karibu na wenzake, akimshikia mwingine kitabu cha nyimbo, na vidole vyake vilikuwa vinabonyeza paja. Niliviona.

Mwaka ulipotimia hapakuwa na mafuta wala basi. Tulipofanikiwa kwenda tulimkuta daktari mwingine, mume wangu hakuuliza kitu alichoamini kimekwisha, na mimi sikusema. Miaka ikaenda hivyo. Kuna wakati kijitundu kilianza kuziba, wakakizibua, baadaye akatolewa mtoto wa jicho, na presha ikakaa vizuri. Aliwaona watoto wote wakioa na kuolewa. Siku moja alisimama kanisani akashuhudia kwamba mimi ndiye niliyemlindia jicho lake, watu wakapiga makofi, na mimi nikatafuta kitu cha kutazama sakafuni.

Mwaka jana tulikwenda kliniki hapahapa mjini, kwa daktari msichana mdogo kama mjukuu wetu. Sijui kilimwingia nini huyu mzee, akamuuliza kuhusu tarumbeta. Binti akapima, akacheka kidogo. "Puliza, babu, ila taratibu. Nani alikukataza maisha?"

Mume wangu akageuza kichwa chote, kama wanavyofanya wanaoona katikati tu, mpaka akaupata uso wangu. Nikamwambia palepale, mbele ya daktari, kwamba aliyemkataza maisha ni mimi.

Nyumbani alilivuta kutoka chini ya kitanda, akalifungua, akakaa barazani mgongo umenyooka. Akalowesha midomo, akapuliza. Ukatoka upepo. Akajaribu tena, upepo na mate. Meno ya mbele yalishamwondoka zamani, juu na chini, na tarumbeta halina pa kushikia. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nalia bila kujificha, naomba msamaha kwa maneno ambayo hata mimi sikuyaelewa.

Akaliweka mapajani. Akageuza kichwa polepole mpaka akanipata.

"Machozi nayaona," akasema. "Hata kamasi naliona. Futa."