Sindano Masikioni mwa Baba

Nilimwogopa baba yangu akiwa amelewa, lakini nilimwogopa zaidi alipojaribu kuacha. Asubuhi moja nyumbani kwetu Isinya, baada ya siku nzima bila kinywaji, alianguka zizini akaanza kutupatupa miguu, povu mdomoni, mbuzi wakimruka. Tulimkimbiza hospitali Kajiado kwa pikapu ya jirani. Daktari alitukaripia. Mtu aliyekunywa miaka mingi haachi ghafla hivyo, anaweza kufa. Akamlaza, akampa dawa, na alipotoka tukaelekezwa kwenye nyumba moja Kitengela iliyosaidia watu kuacha pombe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, basi mimi ndiye niliyeambiwa nimpeleke.

Hakuna aliyetutajia sindano. Tulikuta chumba chenye viti vya plastiki vilivyopangwa duara, watu wamekaa kimya, macho wamefumba, na masikioni mwao vitu vyembamba vinametameta kama miiba. Mwaka ule tulikuwa tumemzika binamu yangu kwa Ukimwi, na neno sindano peke yake lilitosha kunitoa jasho.

Baba aligoma mlangoni. Masikio yake yalitobolewa na kuvutwa tangu ujana, kwa desturi yetu, nyama ya chini ikining'inia karibu na mabega.

"Mimi nilishatobolewa," alisema. "Mnataka kutoboa nini tena?"

Muuguzi, mama wa Kikamba mwenye sauti ya chini, hakucheka. "Huko chini sigusi, Mzee. Ni hapa juu ndani, sindano tano kila sikio. Hazifukuzi pombe. Zinatuliza mwili, zinasaidia usingizi. Dawa za daktari unaendelea nazo, na mikutano ya hapa usikose."

Baba akaninyooshea fimbo. "Anza na huyu. Nakerai, kaa."

Nilikaa, kwa sababu sikuwahi kumkatalia. Muuguzi alinionyesha pakiti ikiwa bado imefungwa, akaifungua mbele yangu, akanipangusa sikio kwa spiriti. "Vuta pumzi. Sasa toa." Ilikuwa kama kuumwa na siafu, kisha joto. Nilishika kiti kwa mikono miwili nikiwa na hakika kwamba nimeshaambukizwa.

Baba alinitazama mpaka nikamaliza kudungwa, ndipo akaketi kando yangu. Yeye hakukunja hata uso.

Sikuthubutu kugeuza shingo. Niliona kama sindano zingeteleza hadi kwenye ubongo. Nilimwangalia kwa pembe ya jicho. Fimbo ikamtoka mkononi ikaanguka sakafuni. Kidevu kikashuka kifuani. Nikatafuta kama shuka yake inapanda na kushuka, sikuona kitu. Nikawaza: amekufa, na mimi ndiye niliyemleta. Mwishowe nikanyoosha mkono polepole, nikaweka kidole chini ya pua yake.

Akakoroma.

Muuguzi alikuja kwa miguu mepesi. "Mwache," alininong'oneza. "Mara ya mwisho alilala lini?"

Nyumbani tulizoea kumsikia akizunguka boma hadi kunakucha.

Tulirudi Kitengela kwa miezi mingi. Katikati baba alitoroka akaenda sokoni Kimana kunywa na wanunuzi wa nyanya, na aliporudi niliogopa kumsema kwa muuguzi. Alijisema mwenyewe, "Nimeanguka." Muuguzi akamwambia, "Keti, Mzee," akafungua pakiti.

Baada ya hapo hakunywa tena. Kama ni sindano, dawa au ile mikutano, siwezi kusema. Hofu haikuniisha. Miaka yote aliyobaki nayo, kila akiingia nyumbani nilimkaribia ili nimnuse. Alijua. Alikuwa akisimama kidogo mlangoni, anipe nafasi.