Siku bunduki yangu ya samaki ilikwama chini ya maji mbele ya kamera (Kalembe, miaka ya 50)

Wakuu wa humu ndani, wakubwa kwa wadogo, nawasalimu wote.

Miye niko muzee, miaka makumi munane niliisha kuipita, na ninaandika na kidole kimoja. Mukiona nachelewa kujibu, musiseme nimekimbia. Kiswahili yangu iko ya Kivu, ya Walikale, mutanivumilia. Hii habari sikuisikia kwa mutu. Ilinipata miye mwenyewe, na mwenye ataona uongo ndani aniulize.

Nimesoma humu vijana wa pwani wanabishana: bunduki ya samaki iko bora ya mbao ao ya chuma, na kamera gani ya kufunga juu yake.

Nikacheka peke yangu. Miye nilikuwa na bunduki na kamera vyote viwili, wakati ya Wabelgiji, mu pori, mbali kabisa na bahari.

Nilikuwa kijana wa miaka makumi mbili na kitu, musaidizi wa mekanisiye, fundi wa magari, kwenye kazi ya barabara pale Kibua. Kazi ikiisha, naingia mutoni. Wengine walipenda pombe ya ndizi, miye nilipenda maji. Basi.

Bunduki niliichonga mu mbao ya muvula, urefu toka kwapa mpaka ncha ya vidole. Mushale ilikuwa chuma nyembamba ya daraja, nilinoa na tupa mpaka ikaingia mu gogo la mugomba bila kelele. Nguvu ilitoka kwa mupira ya ndani ya tairi ya kamyo (lori), vipande viwili, kimoja kila upande. Lunette yangu, miwani ya kuonea chini ya maji, ilikuwa kioo ya tochi na mupira hiyo hiyo.

Mwanzoni ilikuwa nyepesi mbele. Nikipiga, mudomo unaruka, mushale unapita juu ya samaki, naye anaendelea na shuruli zake. Nikafunga kipande cha chuma chini ya mudomo, ikatulia.

Kitu kingine, na hii vijana muiandike: chini ya maji, ukiangalia mu kioo, samaki anaonekana karibu kuliko vile iko. Mwezi muzima nilipiga maji tu. Nikajifunza kwamba ukimuona amefika, ngoja tena, bado hajafika.

Kifyatulio, ile sehemu ya kuvuta na kidole, nilitengeneza na chuma ya kufunga bone, kifuniko cha injini, ya kamyo iliyokufa. Ilikaa ndani ya tundu ya mbao, na ili iteleze vizuri nilijaza mafuta ya mawese. Kwetu kila kitu kinapakwa mawese: kufuli, mutego, kisu, hata ngozi ya mutoto muchanga. Sikufikiri mara mbili.

Pale Kibua ilipiga vizuri sana. Nilikuwa narudi na kambare wawili, watatu, wanene. Majirani walikula. Nilijiona mwanaume.

Sasa sikilizeni shida ilitokea wapi.

Kwetu kuna sumu ya samaki, majani na mizizi yenye wanawake wanaponda mu kinu. Hiyo haikuwa zambi. Lakini ilikuwa na siku yake. Chefu, mukubwa wa kijiji, anatangaza, watu wote wanashuka mutoni pamoja, na kila nyumba inapata fungu, hata mujane asiye na mutu wa kuingia maji kwa ajili yake. Kutia sumu peke yako, kwa siri, ni kuiba mu sahani ya kijiji kizima.

Kiangazi moja, samaki wakaonekana wanaelea tumbo juu upande wa Mpofi, kijiji cha jirani. Wakubwa, wadogo, hata wale kama kidole. Siku ya chefu bado.

Watu wakaulizana: nani anakulaka samaki kila siku? Nani anaingia mutoni peke yake na anatoka na wanene tu? Hawakukawia kupata jibu.

Nilionyesha bunduki. Wakasema hiyo iko ya kudanganya macho, sumu anaibeba mu kifuko, anaifungua kule chini kwenye hakuna mutu anaona.

Ningevumilia yote hayo. Lakini nilikuwa na muchumba Kalembe, Bernadeta, na nilimupenda, sitaficha hapa kwa kuwa nimezeeka. Baba yake, Papa Yosefu, alikuwa mulimaji wa mulimani, mukristo wa kweli, mutu wa maneno machache. Nilipofika na mbuzi ya kwanza ya mahari, habari ya sumu ilikuwa imenitangulia, hakuigusa kamba.

Aliniambia, kwa upole kabisa: "Kijana, siwezi kula mbuzi ya mutu mwenye anaua muto. Rudi nayo. Siku utanionyesha unavua namna gani, utakuja tena."

Nitamuonyesha namna gani? Akisimama kwenye mawe ataona kichwa yangu inazama na miguu inafuata. Kazi yote iko chini. Nilirudi Kibua na ile mbuzi, kutembea siku mbili, na niliongea nayo njia yote.

Hapo njo akaingia Bwana Pima. Jina yake ya kweli niache. Alikuwa Mubelgiji wa kupima barabara, murefu, hana bibi, na ugonjwa yake ilikuwa filime. Alitaka kupiga filime ya chini ya maji. Alikuwa amechukua sufuria yake nzito ya kupikia, yenye mufuniko wa kufunga na vis, misumari ya kuzungusha, akaitoboa pembeni, akaweka kioo, na kamera ikalala ndani. Mupishi wake alilia siku mbili juu ya ile sufuria.

Maji ilikuwa inaingia kwenye kioo. Miye nikamukatia pete ya mupira, maji ikaacha kuingia. Akaniuliza nataka nini. Nikamueleza neno la Papa Yosefu. Akasema filime iko moja tu imebakia, ya dakika chache, lakini atanipiga nayo.

Tulienda Kalembe. Papa Yosefu njo alichagua mahali: kisima cha muto, pale maji inatulia, chini ya shamba yake, kwenye miye sijawahi kuoga, ili mutu asiseme nilitangulia kutia kitu. Maji yake inatoka milima ya Masisi, safi, unaona mpaka jiwe la mwisho. Na baridi, wakuu. Baridi ya kukamata meno.

Akanipekua mwenyewe, kichwa mpaka miguu. Nikaingia na kaptula na bunduki tu. Bwana Pima akaingia nyuma yangu na sufuria yake.

Samaki alikuwepo. Munene, magamba kubwa, amesimama kwenye kivuli cha jiwe. Nikangoja vile nilijifunza. Nikavuta.

Kimya.

Nikavuta tena. Kifyatulio imekufa kabisa. Pumzi ikaisha, nikatoka, nikarudi, nikavuta na vidole viwili, halafu na mukono muzima. Nikaipiga ngumi. Samaki haendi. Mara ya tano ao ya sita, nikiwa nimeigeuza naangalia ndani ya tundu, ikafyatuka yenyewe na mushale ukaenda kwenye mchanga.

Nikatoka mikono mitupu, midomo ya bluu. Bwana Pima akasema filime imeisha.

Nilifungua tundu na kisu pale pale kwenye mawe. Mawese ilikuwa imeganda, ngumu, ya njano. Maji ya Kibua iko ya moto kidogo, haikuigandishaka hata siku moja. Mutu wa pori la chini anapanda mulimani na mawese yake, hajiulizi. Nilijichukia sana ile siku. Bernadeta alikuwa juu ya kilima na jembe, nikashindwa kumuangalia.

Nilimuomba Papa Yosefu anipe siku ingine. Akasema tu: "Tutaangalia filime."

Filime ilienda Ulaya kusafishwa. Miezi minne. Kila wiki nilisikia habari ya kijana mwingine amepita kwa Papa Yosefu kusalimia. Kusalimia nini kila wiki? Nilikonda.

Iliporudi, Bwana Pima alileta mashini yake ya kuonyesha filime Kalembe, siku ya Mungu kisha misa, mu klasi ya masomo. Wakafunika madirisha na mablanketi, wakatundika shuka. Watu wakajaa, hata wa Mpofi walikuja, wale wale walinitaja. Miye nilisimama karibu na mulango, ili nikimbie haraka.

Shuka ikawaka, na miye nikawa pale, ninazama, mashavu imevimba.

Hakuna sauti kwenye ile filime. Wakaniona ninalenga, ninavuta. Samaki amesimama. Ninaangalia bunduki. Ninaangalia samaki. Ninaenda juu, ninarudi. Ninapiga bunduki ngumi. Mama mumoja akaanza kucheka. Mushale ukaenda kwenye mchanga, na kitu sikukiona siku ile: nilipogeuka, yule samaki alisogea polepole, akanusa mushale, akarudi kwenye kivuli chake.

Klasi ikaanguka na kicheko. Watu walishikana mabega. Wakaomba Bwana Pima arudishe, na akarudisha, mara tatu. Miye nilitaka sakafu inimeze.

Papa Yosefu hakucheka. Kicheko kilipoisha akasimama, akaongea na wale wa Mpofi, si na miye: "Mwenye sumu hateswi na samaki namna hii. Wacheni mutoto yangu."

Neno "yangu" nililisikia vizuri.

Tulioana mwaka ule ule. Nani alitia sumu kweli? Mpaka leo sijui, na niliacha kutafuta.

Lakini kitu kimoja nilikijua kisha miaka mingi, tukiwa tunavuna maharagi na Papa Yosefu. Nilimuambia mpaka sasa naona haya juu ya ile filime, kwamba nilitaka anione ninapiga samaki mara moja, safi, kama mwanaume. Akaendelea kung'oa maharagi. Halafu akasema: "Ungemupiga mara moja, ningekunyima Bernadeta. Nilikuwa nimesadiki dawa yako inafanya samaki wasimame. Nilikuja mu klasi kuona kama atasimama mpaka akufe. Lakini yule alitembea, akanusa mushale."

Nilikaa chini mu shamba. Ile mawese niliyoitukana miezi minne, kumbe njo ilinipa Bernadeta.

Basi wakuu, fundisho langu iko hili: ukitaka watu waamini kazi yako, usiwaonyeshe tu siku inakuendea vizuri. Waache waone na shida yake.

Bernadeta amelala mu udongo, sasa ni mwaka wa sita. Filime ilienda na Bwana Pima, sijui iko wapi. Ningetoa kila kitu niione tena, si kwa ajili yangu. Mwishoni kabisa, kabla haijakatika, kamera ilitoka juu ya maji na ikamupata yeye kule kilimani, na jembe, anacheka.

Mwenye aliisha kusaidiwa na aibu yake mwenyewe, aniandikie hapa chini. Nitasoma yote, polepole.