Chetezo Ndani ya Karavani

Mimi mwoga, na nasema mapema ili asije mtu akanicheka katikati ya maneno. Naogopa lifti, naogopa wadi, yale mabonde makavu ya huku, zikijaa maji ya mvua, naogopa lori likinipita barabarani. Mume wangu, Mkadam, ananiita king'ora, maana nikishtuka sauti yangu inafika mtaa wa pili. Lakini leo sisemi habari zangu. Nataka kumsema mama mkwe wangu, Bi Kudura, na ile jioni ya Ashkhara, pwani ya Omani.

Bi Kudura mzaliwa wa Unguja. Alikuja hapa Ibra bado kijana, Mkadam yuko mgongoni, hajui hata kuomba maji kwa Kiarabu cha huku. Majirani walimjua kwa moshi kabla hawajamjua jina. Kila siku, akishatoa salamu ya magharibi, hata kwenye mswala hajanyanyuka, mkono unakwenda kwenye chetezo. Anawasha makaa, yale ya vidonge yanayoshika mara moja, anatia ubani, kisha anaifukiza nyumba nzima na kila aliyemo. Amefiwa na mume, amehama nyumba, ameozesha na kuzika, na ubani wake haujaacha kuwaka. Ukimwambia apumzike leo, anakutazama juu mpaka chini.

"Nyumba isiyofukizwa akae nani, Zabibu? Paka?"

Mwaka wa korona aliugua tukadhani anatutoka. Alhamdulillahi akapona, lakini pua haikurudi. Hasikii harufu ya kitu chochote, si karafuu, si samaki aliyeoza. Niligundua mimi peke yangu, siku niliyomkuta anakoroga maharage yaliyoungua mpaka jikoni hapaingiliki, naye anaimba. Alinishika mkono.

"Usimwambie Mkadam. Atanitoa jikoni, anikalishe kwenye kiti niwe natazama ukuta."

Nikanyamaza. Na kwa kuwa masikio nayo mazito, tukawa na ishara yetu. Chungu kikianza kuungua nasimama pale atakaponiona, nabana pua kwa vidole viwili, naye anaepua. Mkadam alituona mara moja akauliza tuna mchezo gani. Tukamwambia ni mambo ya wanawake.

Mkadam alipostaafu kazi yake ya ofisi ya wilaya, kichwani mwake lilibaki jambo moja: kumpeleka mama yake Ashkhara wakati wa joto. Ibra ikipamba moto, huko pwani kuna upepo baridi mpaka watu wanajifunika mablanketi. Lakini Bi Kudura magoti yake hayakubali hema, na choo anakitaka karibu. Basi Mkadam akanunua karavani, nyumba ya kuvutwa na gari, ina kitanda, choo na jiko. Nampa haki yake. Alimnunulia mama, si kwa kujionesha.

Iliundwa na watu humu humu nchini, kwenye karakana ambayo jina sitalitaja. Kwa nje ilikuwa nzuri, wallahi, nyeupe pepe na mistari ya buluu. Nikaingia ndani, nikaegemea kabati, kabati likanifuata. Lilikuwa limeshikiliwa na skrubu fupi kwenye ubao mlaini ambao ukucha unazama. Sakafu karibu na choo ilikuwa inabonyea. Madirisha yamepakwa silikoni, ile gundi ya kuzibia, nyingi kama mtoto kapaka siagi mkate, na chini ya ile silikoni sijui kulikuwa na nini cha kuyashikilia. Mlango ukiufunga, kitasa kinazunguka kivyake. Nikatoka nje mbio.

"Baba Jumana," nikamwita mume wangu, "hii kitu mama halali humu."

"Ah, king'ora kishaanza!" Mkadam akacheka. "Vitu vipya vyote hivyo, mpaka vizoee."

"Vizoee nini? Kuvunjika?"

Lakini na yeye moyoni alikuwa na wasiwasi, maana jioni ile ile alikwenda sokoni akarudi na mirija ya silikoni. Akaziba kila palipo na uwazi. Aliziba paa, akaziba pembe za madirisha, akaziba nyufa za kabati. Chini, karibu na sakafu upande wa jiko, kulikuwa na tundu la duara, mchanga unaingia. Akaliziba na hilo, akalipapasa kwa kidole, akafurahi. Bi Kudura alikuwa amekaa kwenye kiti uani, anamwangalia mwanawe na macho yamejaa raha. Nikameza maneno yangu.

Tukaondoka asubuhi. Bi Kudura mbele na mwanawe, mimi nyuma, nimegeuza shingo natazama ile karavani njia nzima. Tukipitwa na lori ilikuwa inayumba huku na huku, gari nzima inavutwa, na mimi nasoma kila sura ninayoijua. Tulipofika Kamil, Mkadam akasimama kituo cha petroli, nikafungua mlango wa karavani. Ya Rabi! Sukari sakafuni, vikombe sakafuni, mlango wa kabati umelala kitandani. Na skrubu. Skrubu zimetapakaa kila mahali, nikaziokota zikajaa kiganja, nikamwonesha.

"Hizi zilikuwa zimeshika nini, Baba Jumana?"

Akazitazama. Hakucheka safari hii. "Tukifika nitazirudisha."

"Turudi Ibra."

"Zabibu, mama kashawaambia mtaa mzima anakwenda Ashkhara. Turudi tuseme nini?"

Bi Kudura alituita kutoka garini, anataka kujua bahari imekaribia au bado. Basi, khalas, tukaendelea.

Ashkhara upepo ulikuwa mkali, baridi tamu, lakini umebeba mchanga. Mkadam akaiegesha karavani mbali kidogo na mahema ya watu, akatengua gari, akatupikia chai kwenye jiko la ndani. Jiko akalizima, mtungi wa gesi, ambao ulikuwa nje kwenye sanduku la mbele, akauacha wazi. Nani angemlaumu? Kila mtu anafanya hivyo nyumbani kwake. Tukafunga madirisha yote kwa sababu ya mchanga. Bi Kudura alikunywa chai yake amejifunga shuka, anasema hajapata kuona baridi nzuri namna ile tangu aje Omani, na Mkadam akageuza uso upande wa pili ili tusimwone machozi.

Magharibi ilipokaribia, Mkadam alichukua gari kwenda msikitini. Nikamsaidia mama kutawadha. Akavua mashine yake ya sikio, kama anavyofanya kila akitawadha, akaiweka kwenye kikombe. Nikamtandikia mswala, akaweka chetezo pembeni, na makaa, na ubani, na kibiriti juu yake. Akasema nimfungie mlango, upepo unamsumbua. Nikaufunga, nikaenda nyuma ya karavani kuosha samaki.

Sikukawia. Narudi na sufuria, nafika kwenye ngazi, pua ikapata harufu ya yai viza. Mara ya kwanza nikadhani ni samaki. Nikainamia samaki, siye. Nikainamia ufa wa mlango.

Gesi.

Sufuria lilianguka, sijui samaki walikwenda wapi. Nikakimbilia mtungi nikaufunga, mikono inateleza kwa maji ya samaki. Lakini iliyokwisha kuingia ilikuwa ndani, na Bi Kudura yuko ndani, na pua hana, na sikio lake liko kwenye kikombe, na kibiriti kiko pembeni ya goti lake. Nikarudi mlangoni nikavuta kitasa. Kitasa kikatoka. Nimekishika mkononi chote, na mlango umefungwa vile vile.

Nikapiga mlango kwa ngumi. "Mama! Mama usiwashe!" Upepo ulikuwa unaipigapiga karavani kila upande, hata mwenye masikio mazima asingejua lipi pigo langu. Nikatazama huku na huku. Mahema ya watu yako mbali, kila mtu anasali. Kwenye dirisha, nyuma ya plastiki nyeusi iliyowekwa badala ya kioo, nikamwona kwa taabu. Alikuwa anainuka kwenye sijida. Sikujua ni rakaa ya pili au ya tatu. Mtume! Nilisimama pale namwomba Mungu mama yangu arefushe sala, asome sura ndefu, akae kwenye sijida mpaka mwanawe arudi. Nilijua akitoa salamu mkono utakwenda wapi. Nimeuona ule mkono kila magharibi tangu nilipoolewa.

Akakaa. Hakunyanyuka tena. Atahiyatu, ya mwisho.

Nikaingiza vidole chini ya fremu ya dirisha, kwenye ile silikoni, nikavuta. Sikuwa na akili ya kuvuta wala nguvu, nilikuwa na woga tu. Na dirisha likaja. Lote! Fremu, plastiki, skrubu zake na kipande cha ubao, likanibwaga mchangani na kunikalia kifuani. Fundi wa haki angeifunga fremu ile vizuri, na mimi ningebaki nje nakwaruza mpaka mwisho. Nikalitupa, nikainuka, nikaingiza kichwa na mabega kwenye lile shimo. Gesi ilinipiga usoni nikakohoa.

Bi Kudura alikuwa ameelekeza uso kulia, anatoa salamu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshatua juu ya kibiriti. Kisha akageuka kushoto, na kushoto ndiko nilikokuwa mimi, nimening'inia dirishani, ushungi umenivuka, mchanga kichwa kizima.

"Assalaamu alaykum warahmatullah," akaniambia, macho yamemtoka.

Nikabana pua kwa vidole viwili.

Alinitazama. Akatazama kibiriti. Midomo yake ikacheza bila sauti, kisha akakiweka chini polepole, akakisukuma kwa kidole kikaenda mbali na mswala. Nikamwashiria mlango. Akainuka kwa magoti yake mabovu, akajishika ukutani, akausukuma mlango kwa ndani, ukafunguka bila ubishi wowote. Nikampokea kwenye ngazi, tukaenda mbali kidogo, tukakaa mchangani tumekumbatiana. Nilikuwa nalia kwa sauti. Yeye alikuwa ananifuta mchanga kwenye nyusi.

Mkadam alipofika taa za gari zilimulika dirisha lililolala chini. "Zabibu! Umefanya nini? Umeivunja karavani?"

Nilifungua kinywa nimrukie, wallahi siku ile angenitambua. Lakini Bi Kudura alitangulia.

"Mkadam, kaa chini." Akakaa. "Mimi sisikii harufu. Tangu korona. Mwenzio kaninusia miaka yote hii, na leo kaninusia tena. Kama si yeye ungenikuta jivu, na chetezo mkononi."

Mkadam akainuka. Akamsogelea mama yake, akamwekea kichwa mapajani, mtu mzima na mvi zake.

Usiku ule tulilala garini, watatu, madirisha wazi, mchanga uingie utakavyo. Asubuhi tukaivuta karavani taratibu mpaka Kamil kwa fundi wa gesi, mtu mmoja anaitwa Yaqoob. Akaingia na kurunzi, akatoa kabati, akatuita. Pale bomba la gesi lilipoungana na jiko, alikifungua kiungo kwa vidole vyake viwili mbele ya macho yetu.

"Hiki hakijaguswa na spana tangu kiundwe," akasema. "Kimekazwa kwa mkono tu, na mtikisiko wa njia umekimaliza." Kisha akapiga goti, akamulika chini. "Na hili tundu la hewa nani kaliziba?"

Mkadam akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Yaqoob akamweleza kwa upole kwamba gesi ni nzito, ikivuja hulala sakafuni, na tundu lile liliwekwa pale ili itoke. Karavani ile ilikuwa na matundu chungu nzima yasiyotakiwa, na moja tu la makusudi, na Mkadam alikuwa ameyaziba yote. Nilimwona uso unavyobadilika. Sikumcheka, nilikuwa bado naogopa mno. Tukaiacha pale pale uani kwa Yaqoob, na sijui iko wapi leo na sitaki kujua.

Mwaka uliofuata tulimpeleka mama Ashkhara kwenye nyumba ya kukodi, ya matofali. Woga wangu haukupungua hata chembe. Nikisikia harufu ya yai jikoni napiga ukelele, na hakuna anayeniita king'ora tena.

Bi Kudura ubani hajauacha. Ila sasa, akishatoa salamu, mkono haukimbilii kibiriti. Anageuka kushoto, anaita, "Zabibu, njoo uninusie!" Mimi naacha nilichokishika, naingia, nainama mpaka sakafuni, nanusa pembe zote za chumba. Kisha namwambia, "Washa, Mama." Naye anangoja kidogo, kwa sababu Mkadam bado yuko mlangoni nyuma yangu, ameinama, na yeye ananusa.