Samli ya Mzazi na Mpira wa Boti

Jua la Dodoma halina adabu. Hapa Hombolo, kando ya bwawa, limekausha visima na kupasua midomo ya watu wazima, na likikosa cha kufanya hugeukia boti ya Elieza Mnyambwa. Majaketi ya kuokolea, yaliyokuja na rangi ya chungwa bivu, yamepauka kama kanga ya shambani. Kamba za nailoni zinatoa unga ukizishika. Ndoo ya kukombea maji ilipasuka yenyewe mchana kweupe, haijaguswa na mtu, na Elieza akaiomboleza kama ndama.

Ni mtoto wa wafugaji, kakulia nyuma ya ng'ombe, na boti yake huitunza vivyo hivyo. Asubuhi huipapasa ubavu, akaigombeza, akaiuliza imelalaje. Amevusha nusu ya kata: walimu, wanakwaya, hata mbuzi wa mahari. Mtu mmoja tu hajawahi kumvusha, naye ni mkewe, Paskazia.

"Baba Anitha," Paskazia humjibu kila akibembelezwa, "chombo kinachopasuka nchi kavu, majini kitanisitiri?"

Basi mama huyu hulizunguka bwawa kwa miguu, iwe msiba, iwe harusi. Lakini miaka imekwenda, magoti yamegoma, na binti yao Anitha, aliyeolewa ng'ambo ya bwawa, sasa kajifungua mtoto wake wa kwanza. Bibi asipopanda boti, mjukuu hamwoni. Elieza alimkuta amekaa mlangoni anatazama ng'ambo, kibuyu cha samli ya mzazi kikiwa miguuni pake, na moyo ukamuuma kweli.

Akaazimia kuifanya boti iaminike. Alianza na mpira wa petroli, ule unaotoka kwenye dumu kwenda kwenye injini, maana jua lilikuwa limeujaza nyufa mwili mzima. Sasa, marehemu baba yake alikuwa akipaka mikanda ya ngozi mafuta hadi ikalainika. Elieza akawaza: petroli ni mafuta, samli nayo ni mafuta. Mpira unaokunywa mafuta kila siku tumboni, ukipakwa mafuta mgongoni utadhurika nini? Paskazia alipokwenda kanisani, akachukua kibuyu, akapaka. Alipaka kwa mapenzi, hakubania, mpaka kibuyu kikawa chepesi.

Mpira ulimeremeta siku chache tu. Halafu ukavimba, ukalegea kama bazoka iliyotafunwa, na katikati ya bwawa, wanakwaya wakiwa ndani, ukachomoka kwenye injini. Wanakwaya waliimba pambio baada ya pambio, na safari hii waliimba kwa imani, hadi alipowafikisha ukingoni kwa kasia.

Akaupeleka mpira Ihumwa kwa Masudi, fundi wa pikipiki, Mrangi asiyejua kuficha kicheko.

"Shikamoo mzee. Huu umeupaka nini, mbona unanukia jikoni?"

"Marahaba. Samli."

Masudi ikabidi akae chini kwanza. "Mzee wangu, ngozi hupenda mafuta kwa sababu ilikuwa mnyama. Mpira ukishaliwa na jua haufufuki, na hiyo samli ndiyo imeumalizia. Tafuta mwingine, kisha uufiche jua. Basi."

Elieza akauza beberu, akanunua mpira na majaketi mapya. Akaezeka kibanda cha nyasi juu ya boti, na majaketi akayatundika chumbani, juu ya kitanda cha ndoa. Kilichobaki kilikuwa kuungama.

"Mama Anitha, ile samli ya mzazi... nimeupaka mpira."

Paskazia alifoka hadi majirani wakatoka nje. "Wewe mwanamume! Mwanangu ana kichanga, wewe samli yake unailisha boti?"

"Nilitaka uvuke," Elieza akasema.

Hapo mama akakiokota kile kibuyu chepesi, akaingia ndani. Kesho yake aliomba samli nyingine kwa wifi yake, akajifunga kitenge cha sikukuu, akavaa jaketi, akapanda.

Injini iliwaka mara moja. Mpira mpya ulikaa imara, na bwawa lilikuwa limetulia. Lakini Elieza, aliyevusha nusu ya kata bila wasiwasi, leo alisikia kila kijiwimbi kikigonga ubao. Badala ya kukata katikati akaambaa na ukingo, mahali ambapo maji hayafiki kiunoni, taratibu, macho yakimrudia mkewe kila mara.

"Mbona tunazunguka?" Paskazia akauliza.

Elieza akatafuta uongo wa kusema, akaukosa. "Naogopa," akasema. Katika ndoa yao yote hakuwahi kulitamka neno hilo mbele yake.

Paskazia hakumcheka. Alisogea karibu, akakipakata vizuri kibuyu cha samli, akayatazama maji.

"Basi umejua," akasema. "Mimi hukaa hivyo nyumbani kila siku, mpaka urudi."