Darasa la Mgongo Lilivyofaulu

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima huko juu Uluguru. Tuliagizwa tuwafundishe akina mama waliokuwa wakishusha ndizi sokoni Morogoro namna ya kuinua mzigo bila kuumiza mgongo. Kunja magoti, nyoosha mgongo. Nikafundisha, ingawa njia ilibaki na utelezi wake na mikungu na uzito wake.

Kisha akaja mtafiti kupima kama darasa limesaidia. Suruali imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Akawa anapita kwa kila mama: "Habari za mgongo?"

Sasa nani asiyejua kwamba kwetu habari hujibiwa nzuri kwanza? Hata mfiwa husema nzuri, ila tumepata msiba. Akina mama wakajibu, "Nzuri, ila..." Yeye akishasikia nzuri anaandika, anahamia kwa mwingine.

Nikamwambia, "Ndugu, waache wamalize."

Akasema maelezo mengi yanavuruga takwimu. Na si mtu wa nje, amezaliwa nchi hii hii, kasalimiana hivyo hivyo tangu utotoni! Mpaka leo nikimkumbuka naona kinyaa.

Akatutangazia kuwa darasa limefaulu. Tukapiga makofi, maana mgeni haaibishwi. Akapita kuaga, akamkuta bibi mmoja amekaa mkekani.

"Shikamoo, bibi. Habari za mgongo?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri, ila nishike mkono niinuke."

Alikuwa keshapanda Landrova.