Dakika Mbili za Mwenyekiti

Fomu za wafadhili zilinitoa roho mie. Unaulizwa maswali kuliko mahabusu wa gereza la Segerea: mradi utabadilisha nini, utajuaje kama umebadilisha, na usipobadilisha utafanyaje. Nilikuwa nafundisha Kiingereza shule moja ya Tegeta, na kwa sababu hiyo tu akina mama wa Ununio wanaochokoa pweza wakanifanya katibu wa kikundi chao. Kila barua ya kukataliwa ilikuja kwangu, na mie ndiye niliyekuwa naenda kuwasomea.

Kazi yao ilikuwa nzuri, ndiyo maana nilikuwa naumia. Kipande kimoja cha mwamba walikuwa wanakifunga miezi kadhaa, hakuna kugusa, pweza wakue wazaane, kisha wanakifungua siku moja wote kwa pamoja. Hakukuwa na askari wala boti ya doria. Kulikuwa na makubaliano tu, pamoja na mwenyekiti, mama mtu mzima ambaye akisema neno linashikwa. Lakini watu wa mbali walishaanza kuingia na vyombo vyao, na bila boti ya ulinzi, ambayo ndiyo tuliyokuwa tunaiombea fedha, tulijua iko siku hata wenyewe watasema liwalo na liwe.

Basi ukaja mfuko mmoja mdogo wa kuhifadhi bahari. Fomu kurasa mbili, na video ya dakika mbili: kiongozi wa kikundi aeleze kwa lugha yake kwa nini mwamba upumzishwe. Nikasema hii sasa ni yetu. Kwa kuongea, mwenyekiti wetu hajambo.

Nikamsimamisha ufukweni, nikashika simu. Akaanza kwa bismillahi. Akawasalimu wakubwa kwa wadogo, akawapa wafadhili pole ya majukumu, akamshukuru kiongozi wa mtaa ambaye hata hakuwepo, akamwombea rehema wifi yake aliyefariki, akawa anamsifu. Dakika mbili zikaisha, pweza hajaguswa.

"Mama, salamu moja inatosha," nikamwambia.

"Mwalimu, unakwenda kwa watu kuomba, unaanza na shida yako?"

"Hawa ndivyo wanavyotaka."

"Basi hawakufunzwa kwao."

Tukarudia mara nne. Jua linaniunguza kisogo, chaji inaisha, na kila tukianza upya wifi anaombewa rehema upya. Nikachoka kabisa, nikamwambia haya Mama, sema utakavyo. Akasema dakika kumi na moja, na kwenye ile ya nane akalitoa neno lenyewe: jinsi pweza jike anavyojifungia pangoni na mayai yake, hali chakula, hatoki, mpaka yakishaanguliwa naye anakufa, na jinsi yeye, akiwa msichana, alivyomchokoa mmoja wa namna hiyo, chuma chake cha kuchokolea kikatoka na mayai yananing'inia, na ndiyo maana mwamba unafungwa. Mwili ulinisisimka. Nikakata hapo dakika zangu mbili, nyingine zote nikaziacha, nikaweka maandishi ya Kiingereza chini, nikatuma.

Tukapita mchujo wa kwanza. Mfuko ukaiweka video yetu kwenye ukurasa wao, na kesho yake ilikuwa imeshazagaa kwenye magrupu yote ya WhatsApp ya Ununio. Nilienda kwa mwenyekiti kifua mbele, nikijua nitapokewa kwa vigelegele.

Nilimkuta barazani na mabinti wawili wa yule wifi marehemu, wanakikundi wenzetu. Hakuna aliyenisogezea kiti.

"Shangazi, kumbe kufunga mwamba ulikuwa mpango wako," yule mkubwa alikuwa anasema. "Mama yetu alikuwa anakusindikiza tu."

Hapo ndipo nilipozinduka. Yale niliyokuwa nayaita salamu ndiyo yaliyobeba habari yote: wifi ndiye aliyewaza kuufunga mwamba, ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwabembeleza wenzake huku watu wakimcheka. Mwenyekiti hakuweza kulitaja jina la pweza kabla hajamtaja yeye. Mara sita alisema mbele yangu, na mara zote sita mie nilikuwa naangalia saa.

Nikawaambia kosa ni langu, nikawawekea video nzima. Wakaitazama mpaka mwisho. Yule mdogo akasema, "Sawa, Mwalimu. Ila iliyokwenda kwa watu siyo hii."

Nikauandikia mfuko kuomba waibadilishe. Wakajibu kwa adabu kwamba video haitakiwi kuzidi dakika mbili, na kwamba mwenyekiti anasubiriwa kwenye mahojiano ya mtandaoni. Mwenyekiti akagoma. Nikambembeleza, nikafoka, nikambembeleza tena. Alisema hawezi kukaa mbele ya watu akala sifa za maiti. Siku ilipofika nikakaa mwenyewe mbele ya kompyuta. Wakaniuliza mwenyekiti yuko wapi, nikasema anaumwa. Jibu la kukataliwa halikuchelewa. Mpaka leo nikilikumbuka napandwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani zaidi, wao na dakika zao au mie na haraka zangu.

Bamvua lililofuata, siku zile za mwezi maji yanapotoka mbali mpaka mwamba ukaonekana, siku ya kufungua mwamba ikiwa bado mbali, nikawaona wale mabinti wawili wanaelekea kwenye kipande kilichofungwa, vyuma mkononi. Wanawake wengine wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakafuata. Mwenyekiti alikuwa amesimama mchangani, mikono ameifumbata ndani ya kanga, anawaangalia.

"Mama, wazuie," nikamwambia. "Wewe ukisema watarudi."

Hakunigeukia. "Niseme nini, Mwalimu? Nikiwaambia mwamba huu aliufunga mama yao, wataniuliza mbona kwenye video iliyokwenda kwa watu hilo halimo."

Nikabaki nimesimama naye. Pweza wa kwanza alitolewa tukiwa tunaona, mdogo, hata kiganja hakijai.